Kifaa Kimoja, Maabara Mbili, Majibu Mawili

Swali ninaloulizwa kuliko yote kazini ni hili: "Mbona kule kilipita?" Anayeuliza huwa ameshika ripoti mbili. Kifaa ni kilekile, toleo la bodi ni lilelile, programu yake haijaguswa. Maabara ya kwanza imepima mawimbi ya redio yanayovuja humo, ikaandika kwamba kwenye megahezi 48 kifaa kiko chini ya kikomo kinachoruhusiwa kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo kinacholinganisha ukubwa kwa mara ngapi). Ya pili imeandika kwamba kimevuka kikomo kwa desibeli 2. Mwenye bidhaa anataka kujua nani kati ya hao wawili amekosea.

Mara nyingi hakuna aliyekosea. Nimeamua kuliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu nawaona watengenezaji wakipoteza pesa na miezi kurekebisha bodi ambayo haikuwa na ubaya wowote, na wengine wakipeleka sokoni kitu kitakachoharibu redio ya jirani huku wana karatasi inayosema kiko salama. Makosa yote mawili yanatokana na imani moja, kwamba namba iliyoandikwa kwenye ripoti ni ya kifaa peke yake. Namba ile ni ya kifaa pamoja na sakafu, kuta, antena, umbali na kebo. Mtu akikupa namba bila kukuambia ilipimwa wapi na vipi, amekupa nusu ya habari.

Tuanze na kinachopimwa. Kila kifaa chenye sakiti ya kidijitali huvujisha mawimbi ya redio, hata kama hakikuundwa kuwasiliana na chochote. Saa yake ya ndani inagonga mamilioni ya mara kwa sekunde, na sehemu inayosambaza umeme inawasha na kuzima transista bila kupumzika. Kila badiliko kali la mkondo linazaa mawimbi kwenye masafa ya asili na kwenye vizidishio vyake. Kristali inayoendesha saa hiyo, ikiwa ya megahezi 24, haibaki kwenye 24. Utaikuta kwenye 48, 72, 96 na kuendelea, wakati mwingine hadi mamia ya megahezi.

Uvujaji huo ulianza kuwaudhi watu tangu zama za redio za kwanza majumbani. Kamati ya kimataifa inayoshughulikia usumbufu wa redio, CISPR, ilikutana mara ya kwanza Paris mwaka 1934, na kilichowaleta pamoja wajumbe kilikuwa kumlinda msikilizaji wa matangazo. Vikomo vya leo bado vina alama ya asili hiyo. Kwa vifaa vya nyumbani vya sauti, picha na kompyuta, kiwango cha CISPR 32 kinaruhusu, kwa umbali wa mita 10, desibeli 30 juu ya mikrovolti moja kwa mita kuanzia megahezi 30 hadi 230, kisha desibeli 37 kutoka hapo hadi megahezi 1000. Desibeli 30 maana yake ni mikrovolti 32 hivi kwa mita. Ni kiasi kidogo mno, na hapo ndipo ugumu wote unapoanzia. Marekani, kupitia mamlaka yake ya mawasiliano, FCC, hupima vifaa vya nyumbani kwa mita 3, na kikomo kati ya megahezi 30 na 88 ni mikrovolti 100 kwa mita. Tazama vizuri: mifumo hiyo miwili haijatofautiana kwa namba tu. Imetofautiana kwa umbali, na umbali ukibadilika hubadilika na mambo mengine ambayo watu wengi hawayahesabu.

Risiva, yaani chombo kinachosoma ishara ya antena, haioni mawimbi yaliyo hewani. Inachoona ni volti kwenye tundu lake. Ili kupata nguvu ya uga, yaani ukubwa wa wimbi pale antena ilipo, unachukua usomaji wa risiva, unaongeza kigezo cha antena (namba inayogeuza volti za antena kuwa uga), unaongeza kilichopotea kwenye kebo, unatoa kilichoongezwa na amplifaya kama ipo. Hesabu ni rahisi, lakini kila kipengele kina hali zake. Kigezo cha antena, kwa mfano, hupatikana wakati antena inapofanyiwa ulinganishi, na hakikai vilevile siku zote. Antena ya masafa ya chini ukiilaza mlalo mita moja juu ya sakafu ya chuma, inaanza kuathiriana na taswira yake ndani ya sakafu ile, na kigezo kinahama. Bado hatujakigusa kifaa chenyewe.

Mahali pa marejeo, pale ambapo vikomo vyenyewe vilizaliwa, ni uwanja wa wazi. Ukipita pembeni hutadhani ni maabara. Kuna eneo tambarare lisilo na miti, ukuta wala nguzo, chini pametandazwa chuma, upande mmoja kuna meza inayozunguka, upande wa pili kuna mlingoti wa antena. Eneo lililo huru linatakiwa kuwa duaradufu yenye urefu mara mbili ya umbali wa kipimo. Kwa kipimo cha mita 10 unahitaji mita 20 kwa takriban 17.3. Kifaa cha mezani huwekwa kwenye meza isiyopitisha umeme yenye kimo cha sentimita 80. Meza inazungushwa nyuzi 360, antena inapandishwa kutoka mita 1 hadi mita 4, mara imelala mlalo, mara imesimama wima, na unachoandika ni usomaji mkubwa kuliko wote.

Kwa nini antena ipande na kushuka? Kwa sababu ya sakafu. Antena inapokea mawimbi mawili kwa pamoja, moja lililokuja moja kwa moja na jingine lililodunda kwenye chuma. Yakifika yakiwa sawia yanajumlishana, na usomaji unaweza kukaribia mara mbili, yaani desibeli 6 za ziada. Yakifika yakiwa yamepishana yanafutana. Ukiiacha antena kwenye kimo kimoja, unaweza kuwa umesimama palepale mawimbi yanapofutana, ukaandika kwamba kifaa ni kimya kabisa. Kupandisha antena ni njia ya kuwinda mahali mawimbi yanapojumlishana.

Hapa kuna jambo ambalo nalipenda sana katika kazi hii, na ambalo naona halielezwi vya kutosha. Wimbi la mlalo linapodunda kwenye chuma hugeuzwa kinyume; la wima halitendewi hivyo. Kwa hiyo kwenye masafa ya chini, ambako wimbi ni refu kuliko tofauti ya njia hizo mbili, wimbi la mlalo na mdundo wake hufutana kwa sehemu kubwa hata ukipandisha antena hadi mita 4, ilhali la wima na mdundo wake husaidiana. Na kiasi cha kufutana au kusaidiana kinategemea umbali.

Karibu kila mhandisi amefundishwa kwamba kutoka mita 10 kwenda mita 3 unaongeza desibeli 10.5, kwa kuwa uga hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Hesabu hiyo ni sahihi mahali pasipo na sakafu. Sasa chukua chanzo kidogo kilichowekwa mita 1 juu ya sakafu ya chuma, kwenye megahezi 30. Antena ikiwa mlalo, tofauti kati ya mita 3 na mita 10 inakuwa kama desibeli 14. Antena ikiwa wima, tofauti inakuwa kama desibeli 8.5. Hakuna kilichoharibika hapo. Ni jiometri tupu ya miale miwili, na yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuihakiki kwa Pythagoras.

Matokeo yake kwa mwenye bidhaa ni makubwa. Kikomo cha CISPR kwa mita 3 kiko desibeli 10 juu ya kile cha mita 10. Kifaa kinachovuja kwa mlalo kwenye megahezi 30 kitaonekana kibaya zaidi kwa desibeli 4 kikipimwa kwa mita 3. Kinachovuja kwa wima kitaonekana bora zaidi kwa desibeli 1 na nusu. Vifaa viwili, chumba kimoja, sheria moja, kimoja kimeonewa na kingine kimependelewa. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "tutapima kwa mita 3 halafu tutabadilisha kwa hesabu," huwa namuuliza kwanza: masafa gani, na antena imekaaje?

Na huo ulikuwa mfano wa chanzo kidogo. Kabati la seva lenye kimo cha mita 2 likipimwa kwa mita 3 si nukta tena. Sehemu yake ya juu na ya chini ziko kwenye umbali tofauti na antena, na kwenye megahezi 30, ambako wimbi lina urefu wa mita 10, bado uko karibu mno na chanzo kusema kwamba uga umetulia. Kwa vitu vikubwa mimi sitaki kipimo cha mita 3 kama kuna namna yoyote ya kupata mita 10.

Uwanja wa wazi una adui mmoja mkubwa, nao ni dunia yenyewe. Hewa imejaa. Redio za FM zimeshika megahezi 87.5 hadi 108, juu yake kuna mawasiliano ya ndege, kisha televisheni, kisha simu za mkononi. Unatafuta mikrovolti 32 kwa mita huku mnara wa redio unakupigia kelele zilizoizidi hiyo mara mia au zaidi.

Chukua kristali ya megahezi 25, ambayo utaikuta kwenye vifaa vingi vyenye tundu la mtandao wa kebo. Kizidishio chake cha nne ni megahezi 100 kamili, katikati ya bendi ya FM. Kwenye uwanja wa wazi kilele chake kwenye risiva kinaweza kuzama kabisa chini ya kituo cha redio kilicho jirani nacho. Zipo mbinu. Unaweza kuzima kifaa na kulinganisha, kubana upana wa kichujio ili ukitenganishe kilele na matangazo, kusogeza antena karibu ili kifaa kisikike kuliko mnara, au kupima usiku wa manane ikiwa kituo kinazimwa. Zote zina gharama na kila moja inaongeza shaka yake. Kibaya zaidi ni anayeona masafa yamefunikwa akaandika tu kwamba hakuna kilichoonekana. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe ataenda kukaa sebuleni kwa mtu.

Ndipo chemba zikaja. Unajenga chumba cha chuma kilichofungwa pande zote, mlango wake una vidole vya shaba vinavyobana fremu, na kila waya unaoingia unapita kwenye kichujio. Mnara wa redio hausikiki tena. Lakini chumba kitupu cha chuma ni kibaya kuliko uwanja wenye kelele, kwa sababu kila wimbi linadunda huku na huko. Mtu akiimba bafuni sauti yake si ile aliyo nayo uwanjani, na hali ni hiyohiyo kwa kifaa ndani ya sanduku la chuma. Kwa hiyo kuta na dari huvishwa vigae vya feraiti, kauri yenye sifa za sumaku, vizito, vyembamba, vyenye unene wa milimita chache, vinavyomeza mawimbi ya megahezi makumi hadi mamia. Juu yake hubandikwa piramidi za povu lenye kaboni, ambazo humeza masafa ya juu. Sakafu inaachwa chuma, makusudi, ili chemba iige uwanja wa wazi.

Inaiga kwa kiasi gani? Kuna jaribio la kuthibitisha. Unaweka antena moja mahali pa kifaa, nyingine kwenye mlingoti, unapima mawimbi yanapungua kiasi gani kati yake, unalinganisha na hesabu ya uwanja kamili. Chemba inakubalika ikiwa haipotoki kwa zaidi ya desibeli 4 juu au chini. Naomba msomaji asiipite namba hiyo haraka. Chemba moja inaweza kuwa juu kwa 3.5 kwenye masafa fulani, nyingine chini kwa 3.5 kwenye masafa yaleyale, na zote mbili zina vyeti halali. Tofauti ya desibeli 7 kati ya maabara mbili zilizothibitishwa inawezekana kabisa. Desibeli 6 tu ni mara mbili ya uga.

Upotofu huo hukaa zaidi chini, kati ya megahezi 30 na 100, ambako feraiti inaanza kuchoka na povu ni fupi mno kwa wimbi refu kiasi kile. Ukipewa ripoti ya uthibitisho wa chemba, usiangalie neno "imefaulu". Angalia mchoro. Utaona mstari unapanda na kushuka, na utajua ni masafa gani chemba ile hukuonea na yapi hukupendelea. Maabara nzuri haitakuficha mchoro huo.

Kuna jambo lililo zito kuliko kuta na sakafu, na nikipewa dakika tano tu na mhandisi kijana nitazitumia zote kwa hili. Chini ya megahezi 200 hivi, kinachorusha mawimbi kwa kawaida si bodi. Bodi ni ndogo mno kulinganisha na urefu wa wimbi. Kinachorusha ni kebo.

Mkondo unaohusika ni ule unaopita kwenye nyaya zote za kebo kuelekea upande mmoja, usio na wa kurudi ndani ya kebo ileile. Kebo yenye urefu wa mita 1, ikibeba mikroampea 5 tu za mkondo huo kwenye megahezi 50, inatoa kwa mita 3 uga wa takriban mikrovolti 105 kwa mita. Kikomo cha FCC hapo ni 100. Mikroampea tano! Taa ndogo ya kiashirio kwenye bodi hutumia mara mamia ya kiasi hicho, na mara nyingi mara maelfu. Hakuna mchoro wa sakiti utakaokuonyesha mikroampea hizo, kwa kuwa hakuna aliyezichora. Zinatokana na bodi kuwa na volti kidogo kati ya upande wake mmoja na mwingine, na kebo kuning'inia hapo.

Sasa rudi kwenye zile ripoti mbili. Robo ya urefu wa wimbi kwenye megahezi 48 ni mita 1.56. Kebo ya umeme ya mita 1.5 ni antena iliyokatwa karibu kwa kipimo hichohicho. Ila kebo haiishii hewani. Inashuka kutoka mezani, inafika sakafuni, inaingia mahali. Katika maabara ya kwanza iliingia kwenye kisanduku kilichofungwa na sakafu ya chuma papo hapo. Katika ya pili ilipenya kwenye tundu la meza inayozunguka, ikaenda mita kadhaa chini ya sakafu hadi kwenye kichujio. Kwa wimbi la megahezi 48 hizo ni antena mbili tofauti, zenye ncha tofauti, na mkondo unaopita ndani yake hauwezi kuwa sawa. Desibeli 5 za tofauti hazinishangazi hata kidogo. Ningeshangaa zingekosekana.

Viwango vimejaribu kuitibu hali hiyo. Vinaeleza kwamba kebo zinazoning'inia zibaki sentimita 40 juu ya sakafu, kwamba urefu wa ziada ukunjwe kuwa fungu la sentimita 30 hadi 40, na kwamba kebo zinazotoka kwenye eneo la kipimo zibanwe na vibano vya feraiti vinavyomeza mkondo usiotakiwa, ili kinachotokea nje ya chemba kisirudi kuathiri kilicho ndani. Vinasaidia. Lakini nenda mwenyewe ukaguse kebo iliyoning'inia wakati risiva inaonyesha kilele cha moja kwa moja. Isogeze kwa upana wa kiganja na utaona mstari unapanda au kushuka mbele ya macho yako. Mtu aliyeona hilo mara moja haandiki tena neno "kebo zilipangwa ipasavyo" kwenye ripoti. Anapiga picha, kutoka pande mbili, na anaweka futi kamba kwenye picha.

Kuhusu mazingira mengine nitapita haraka. Kuna chemba iliyovishwa hata sakafuni. Haina mdundo, antena haihitaji kupanda na kushuka, na nadharia yake ni safi. Lakini vikomo vyake ni vingine, na kuchanganya vikomo vya chemba hii na vya ile yenye sakafu ya chuma ni kosa ambalo bado linatokea. Juu ya gigahezi 1 hata chemba za kawaida huwekewa povu sakafuni kati ya kifaa na antena, kwa sababu huko mawimbi ni mafupi na midundo ni mingi. Hapo tatizo linageuka. Kifaa kinaanza kurusha miale myembamba kama ya tochi, na meza ikizungushwa kwa hatua kubwa mno, mwale unapita pembeni ya antena na hakuna anayeujua.

Kuna pia seli ya TEM, aliyoieleza Myron Crawford wa taasisi ya vipimo ya Marekani mwaka 1974, na ndugu yake mkubwa kwa umbo, GTEM, iliyotoka Uswisi miaka ya 1980. GTEM ni kasha refu la chuma linalopanuka toka ncha moja. Unaweka kifaa ndani, unakigeuza kwenye mikao mitatu, na programu inakokotoa kingekuwaje kwenye uwanja wa wazi. Kwa kifaa kidogo kinachotumia betri naikubali bila wasiwasi. Kwa kifaa chenye kebo tatu siikubali, kwa kuwa hesabu yake inachukulia chanzo kuwa kidogo na rahisi, na kebo inaivunja dhana hiyo tangu mwanzo.

Chemba ya mwangwi ni kinyume cha zote. Kuta ni chuma kitupu, na ndani kuna pangaboi kubwa la chuma linalovuruga mawimbi hadi yasambae kwa wastani kila mahali. Inakupa jumla ya nguvu ambayo kifaa kinatoa, kwa uthabiti wa kupendeza. Isichokupa ni mwelekeo. Kifaa kinachorusha kila kitu upande mmoja na kile kinachosambaza sawasawa vitapata namba moja, ingawa jirani wa kile cha kwanza ana sababu ya kulalamika zaidi.

Na mezani kwako mwenyewe, kwa kifimbo kidogo cha kunusa uga wa karibu? Kitumie kila siku. Kitakuonyesha ni chipu ipi inapiga kelele na kama kapasita uliyoongeza imesaidia. Usikubali tu mtu akubadilishie usomaji wake kuwa mikrovolti kwa mita za mita 10. Uga wa karibu una sehemu kubwa ambayo haisafiri popote. Kelele kali juu ya koili inaweza kuwa kimya kabisa mita 10 mbali, na mkondo mdogo usioonekana kwenye kifimbo unaweza kutoka kwa kebo na kuvuka kikomo.

Yote haya viwango vyenyewe vinayakiri kwa namba. Kiwango cha CISPR 16-4-2 kinaweka shaka ya kipimo cha mawimbi, yaani kiasi ambacho namba inaweza kupotoka, kati ya megahezi 30 na 1000 kuwa desibeli 6.3. Maabara ambayo shaka yake haizidi hapo hairuhusiwi wala hailazimiki kuirekebisha namba. Iliyoko chini ya kikomo imefaulu, iliyoko juu imeshindwa. Naelewa kwa nini ilipangwa hivyo, lazima mstari uchorwe mahali fulani. Lakini mtengenezaji aliyefaulu kwa desibeli 0.8 na kufungua shampeni hajaelewa amepewa nini. Kwa hesabu hiyohiyo, maabara nyingine yenye uadilifu uleule ingeweza kumwangusha, na mamlaka ya soko ikinunua kifaa chake dukani na kukipima kwingine, ubishi wake utakuwa mgumu. Mimi huwaambia wateja walenge desibeli 6 chini ya kikomo kwenye chemba yetu, hasa chini ya megahezi 100. Wengine hulalamika kwamba naongeza gharama. Ni kweli, naongeza. Choki moja ya feraiti ya kuzuia mkondo kwenye kebo, safu moja ya ardhi ya umeme kwenye bodi. Ni nafuu kuliko kurudisha mzigo kutoka sokoni.

Basi ukiwa na ripoti mbili zinazogombana, usianze na kifaa. Anza na chanzo cha marejeo, kile kisanduku kidogo cha betri kinachotoa vilele thabiti kila baada ya megahezi kadhaa, kisicho na kebo yoyote. Kipime kwenye maabara zote mbili, kimo kilekile, umbali uleule, antena ikiwa mlalo na wima. Tofauti utakayopata ni ya majengo, antena na risiva. Iandike kwa kila masafa. Kisha chukua kifaa chako, kipime kwa betri kama kinaweza, kebo zote zimetolewa. Kama sasa maabara zinakubaliana, mshitakiwa ni kebo, na unahitaji picha za mpangilio na jibu la swali moja: kebo ya umeme iliishia wapi, na kwa kibano gani? Kama hazikubaliani hata bila kebo, tazama mbinu ya kupima: hatua za kuzungusha meza zilikuwa nyuzi ngapi, antena ilipanda hadi mita 4 au iliachwa kwenye kimo kimoja, kigezo cha antena ni cha mwaka gani.

Hakikisha pia kwamba adapta ya umeme ilikuwa ileile. Watu hubeba kifaa kwa uangalifu mkubwa kutoka maabara moja hadi nyingine, kimefungwa vizuri ndani ya sponji, halafu wakifika wanaomba adapta yoyote iliyopo mezani.